Pazia la Uholanzi
Sehemu ya Kumi na Nne

Tulimwacha Bi Barka mlangoni kwa Bwana Mahmud, buibui bado limo mwilini, simu mkononi, akitaka aitiwe bibi harusi. Mmeniandikia wiki nzima. Wengi mnasema amekuja kuvunja posa. Yuko mmoja wa Malindi anayesema amekuja kuomba radhi; huyo, nadhani, hajawahi kuwa na mama mkwe.

Radhiya, binti wa Bwana Mahmud, aliitwa. Alishuka ngazi mikono ameiinua, maana hina ya viganjani ilikuwa bado mbichi. Bi Barka hakumpa mkono wala salamu. Alimgeuzia kioo cha simu usoni.

Ilikuwa picha yake Radhiya. Kichwa wazi, nywele zimeachiwa mgongoni, asumini zimechomekwa, gauni jekundu lisilo na mikono, na yuko katikati ya kucheza. Ilipigwa kwenye ngoma ya wanawake, kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani, mwa nyumba hiyohiyo, mahali ambapo siku ile hakukanyaga mwanamume.

Mwenye kuanza kusoma leo na aelewe jambo moja. Katika ngoma ya wanawake wa Lamu, simu huachwa mlangoni. Zinatiwa kikapuni, na kikapu kinakaliwa na mama mtu mzima asiyejua mchezo. Ndipo wanawake huvua mabuibui na kujiachia, kwa kuwa wanajua hakuna jicho ila lao. Siku ile aliyekalia kikapu alikuwa Bi Barka mwenyewe, mama wa bwana harusi, na simu moja tu ndiyo iliyopita mbele yake. Simu hiyo ilikuwa ya Radhiya. Mama yake, Bi Hadil, aliitumia kumpiga binti yake picha za kumbukumbu.

"Simu zote zalikuwa kikapuni, nde ya mlango," Bi Barka akasema. "Moya tu yalikuwa ndani, na hiyo moya ni yako wewe. Basi nambia, mwanangu. Picha hini imetokaje?"

Radhiya alisema hakumtumia mtu yeyote, na huo ulikuwa ukweli, lakini ukweli wake ulisikika mwembamba hata masikioni mwake.

Bi Barka akatoa hukumu akiwa wima. Ndoa ni Ijumaa baada ya sala. Ikiwa kufikia hapo haijulikani picha ile ilivyotoka, mwanawe Sadiq hatakanyaga msikitini, na yeyote atakayeuliza sababu ataambiwa. Katika mji ule hakuna asiyeuliza. Radhiya alikuwa mwalimu wa wasichana madrasani. Nani angempeleka bintiye kwa mwalimu ambaye nywele zake zimetembea mjini kabla yake? Aliona posa inamponyoka, na jina lake, na darasa lake, vyote kwa pamoja, na aliogopa sana.

Sasa tazameni vizuri. Palikuwa na watu wazima wanne wakimsikiliza, wazazi wa Radhiya wakiwemo, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza Bi Barka picha ile ametumiwa na nani. Yeye alisema imemwingia simuni. Wao wakaridhika, utadhani picha huingia zenyewe, kama paka.

Bwana Mahmud ni mtu wa heshima. Mtu wa heshima akipatwa na jambo asilolielewa hukimbilia kwa mtaalamu, na mtaalamu wa mtaa ule ni Swafwan.

Swafwan ana kibanda karibu na gati, chenye kibao kilichoandikwa Daktari wa Simu. Udaktari huo aliupata kwa kubadilisha vioo. Alikuja kesho yake na kompyuta kwapani, miwani ya jua juu ya kofia, na mafuta ya udi yaliyomtangulia hadi ngazini. Wazee wanane wa mtaa walikuwa wamekusanyika kumsikiliza. Radhiya alikaa nyuma ya pazia la chumba, maana kesi ilikuwa yake lakini mkutano haukuwa wake.

Swafwan aliishika simu ya Radhiya, akaipapasa, akaguna. Akamwuliza Bwana Mahmud kama nyumba ina intaneti. Akaambiwa ipo. Akaguna tena. Akasema picha imeibwa na wadukuzi wa ng'ambo, watu hatari, wasioacha namba wala alama, na kwamba alikwisha waonya watu wa mtaa huu lakini hawasikii.

"Mzee, nyumba yenu iko wazi kabisa," alisema. "Hamna VPN. Ukiweka VPN ni kama umeteremsha pazia. Simu inakuwa hapa, lakini mtandao unaona iko Uholanzi. Nani atakupata?"

Bwana Mahmud akauliza kama Uholanzi hakuna wezi. Swafwan akasema Uholanzi kuna sheria. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Niwaambie ukweli, watu hawa hunichosha. Mzee wa mtaa ule hanunui samaki mpaka amfunue shavu aone damu yake. Ukimletea boriti ataigonga, ataipima, atasema za zamani zilikuwa bora. Lakini kijana mwenye miwani juu ya kofia akitamka herufi tatu za Kizungu, mzee huyohuyo anatoa simu ya mkewe na kusema, na hii nayo itie.

Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa umehamia Uholanzi. Swafwan alipakua programu iliyotolewa bure, akawatoza. Bi Barka alitiwa. Majirani wa mbele na wa nyuma walitiwa. Hata Bwana Famau, ambaye simu yake ni ya vitufe na haina kingine ila tochi na redio, alikuja kutaka kinga yake. Swafwan, kwa huruma, alimbandikia kibandiko chekundu mgongoni mwa simu.

Simu ya Bwana Mahmud ilikuwa na programu ya kuadhini. Siku hiyo, watu wakiwa wanatawadha kwa magharibi, simu yake ikaadhini alasiri, kwa kuwa huko Uholanzi ndiyo kwanza imeingia. Aliisikia mbele ya imamu. Aliitia mfukoni na kusema kwa kujivuna kwamba hiyo ni dalili ya kinga kufanya kazi.

Aliyecheka alikuwa Nerea peke yake. Nerea ni mpangaji wa ghorofa ya juu kwa Bwana Mahmud, mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya sekondari, mzaliwa wa Homa Bay. Aliposikia kelele za VPN alishuka akataka kusema neno, lakini Bwana Mahmud alimwambia kwa adabu kwamba hili ni jambo la wenye mji. Nerea akapanda zake ngazi. Alikwisha zoea.

Radhiya, kwa upande wake, alilala vizuri kwa mara ya kwanza. Aliamini. Msimcheke, kwani na nyinyi mmewahi kuamini vitu vibovu kuliko hivyo pale mlipokuwa na hofu.

Alhamisi asubuhi mshoni alileta gauni la ndoa. Radhiya alifunga mlango wa chumba kwa komeo, akalivaa, akajipiga picha kwa nyuma na kwa mbele ili aone lilivyokaa mgongoni. Hakumwonyesha mtu. Hakumtumia mtu. Alama ya VPN ilikuwa juu ya kioo, kijani, inamtazama. Akalivua gauni, akalikunja.

Kahawa ya saa nne ilikuwa haijaiva Bi Barka alipoingia tena. Mara hii hata mlango hakubisha.

Simuni mwake mlikuwa na picha ya gauni la ndoa, mgongo wa Radhiya wazi mpaka kiunoni, kwa kuwa vifungo alikuwa hajavifunga.

"Mkasema wezi wa Ulaya," Bi Barka akamwambia Bwana Mahmud. "Mkanitia na mimi pazia lenu. Yeo asubuhi, hini imetoka kwa nani? Chumbani alikuwa na nani, ila yeye na mato yake mawili?"

Bwana Mahmud alimtazama binti yake. Yule binti alisoma usoni mwake kwamba sasa na yeye ameanza kuamini. Hilo lilimwumiza kuliko maneno yote ya Bi Barka. Mama mkwe hana dhamana ya kukujua, lakini baba anayo.

Bi Barka akaondoka akisema Ijumaa hakuna harusi.

Radhiya alipanda ngazi mbilimbili hadi ghorofa ya juu, akaingia kwa Nerea bila kuvua viatu, akamtupia simu kitandani. Alimwambia aitazame, na kama ni kweli yeye ni mwendawazimu anayejituma picha usingizini, basi amwambie wazi.

Nerea aliichukua. Kwanza akaizima ile VPN, na akasema kwa nini, huku anaendelea kubonyeza.

"Hii kitu si mbaya. Inafunika barabara. Ukiwa kwa wifi ya hoteli ama ya pale gatini Mokowe, watu wa hiyo wifi hawataona unafanya nini. Hapo itakusaidia. Lakini mtu akiwa na funguo ya nyumba yako, utafunika barabara ukifikiria nini? Na hii mlipewa ni ya bure. Mwenye kuiendesha analipwa na nani? Anasoma mambo yenu, anauza."

Kisha akafika pale alipotaka, akamgeuzia Radhiya kioo, akamwonyesha jina lililoandikwa juu kabisa ya akaunti. Jina lilikuwa Swafwan Daktari. Akauliza huyu ni nani kwenye simu yake.

"Hilo ni ina la kampuni," Radhiya akajibu. "Tangu siku ya kwanza liko papo. Nalidhani ndiyo walotengeza simu."

Nerea aliweka simu chini. Alitaka kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha.

Sasa nikwambieni jina hilo liliingiaje, kwa sababu Bwana Mahmud hatawaambia. Alipomnunulia binti yake simu ile, aliipeleka mwenyewe kwa Swafwan ifunguliwe. Swafwan akasema simu inataka jina la mwenyewe, tarehe ya kuzaliwa, na barua pepe. Bwana Mahmud akaghadhibika hadharani. "Nimpe mwanamume wa nde ina la binti yangu? Fungua kwa ina lako wewe." Swafwan akaifungua kwa jina lake, na nenosiri lake, na akamrudishia. Bwana Mahmud akatoka pale kichwa juu, akayasimulia barazani, na wanaume wote wenye wivu mwema wakaona hiyo ndiyo adabu. Mume akapeleka ya mkewe, ndugu ya dadake, Sadiq akapeleka ya mama yake. Zote zikafunguliwa kwa jina moja, akaunti moja, mtu mmoja. Wakaficha jina, wakakabidhi sura. Na walijisifu kwa hilo, hilo ndilo linalonikera.

Kwenye simu ile palikuwa na programu ya picha ambayo Radhiya hakuwahi kuigusa, kwani picha zake huzitazama kwenye kamera. Nerea akaifungua.

Zilitoka za mtaa mzima.

Wanawake waliokaa vyumbani mwao, wanaoshwa nywele, wananyonyesha, wanajaribu vipodozi, wanacheka na waume zao. Radhiya aliwajua wote. Alimwona Bi Barka mwenyewe, kichwa amekipaka rangi nyeusi na kukifunga nailoni, amenuna mbele ya kioo. Alicheka kwa nguvu, kisha akaona haya ya kucheka, akaigeuza simu kifudifudi. Ikiwa yeye anamwona Bi Barka, basi ndivyo Bi Barka alivyomwona yeye. Hakuna aliyetuma. Simu ya mama mkwe ilikuwa ndani ya akaunti ileile, na programu, kwa ukarimu wake, ilimwibulia picha nzuri za juma lile, hata za asubuhi ileile. Mdukuzi wa ng'ambo hakuwepo. Alikuwepo Bwana Mahmud na heshima yake.

Radhiya akapumua. Alikuwa na ushahidi, na jina lake limesafika. Aliinuka akamwambie baba yake.

Nerea alimshika mkono. Alikuwa ameona kitu kingine.

Palikuwa na albamu iliyotengwa, yenye picha za Radhiya tu, kuanzia siku alipoposwa. Zile za ngoma zilikuwemo, na za gauni. Picha hazijipangi zenyewe. Mtu alikaa akazichagua moja moja. Na chini yake paliandikwa kwamba albamu ile imefunguliwa kwa mtu mmoja aitazame, na mtu huyo alikuwa na sura yake katika kiduara kidogo, amevaa kofia ya viua iliyodariziwa kwa mkono, anatabasamu.

Alikuwa Sadiq.

Bwana harusi. Yule ambaye posa ilipoletwa alikaa kwa Bwana Mahmud macho yako kwenye mkeka, hata Bi Hadil akamsifu kwa haya zake. Yule ambaye mama yake amemwaibisha Radhiya mara mbili kwa picha, na yeye, mwenye picha zote, akakaa kimya asikilize.

Radhiya alikaa kwenye ukingo wa kitanda akihesabu kile alichokiona Sadiq. Kisha ikaja hasira safi, iliyomfaa. Akataka kufuta kila kitu palepale.

"Usifute," Nerea akamwambia. "Ukifuta, Swafwan atakana, na utabaki wewe na maneno. Halafu, zile Sadiq ameshaweka kwa simu yake, hizo hufikii kutoka hapa. Ziko kwake."

Walikuwa bado wanatazamana pale Bwana Mahmud alipoita kutoka chini, kwa sauti ya furaha.

Alikuwa ameshika ujumbe kutoka kwa Sadiq. Aliusoma kwa kila aliyekuwepo, na kwa waliokuwa jikoni akarudia. Sadiq anasema amesikia yaliyotokea. Anasema binadamu hukosea. Anasema yeye amemsamehe Radhiya kwa moyo mweupe, amezungumza na mama yake akakubali kwa shingo upande, na ndoa iko palepale. Anaomba mambo mawili tu. Jambo la picha lisitajwe tena na mtu yeyote, na Radhiya akiolewa asiwe na simu.

Amemsamehe. Nimelisoma neno hilo mara nyingi nikiandika sehemu hii, na kila nikilisoma nataka kumtafuta yule kijana nimvue kofia yake ya viua niikanyage.

Bwana Mahmud alikuwa na machozi. Alimwambia binti yake kwamba mwanamume kama yule hapatikani siku hizi, na kwamba amshukuru Mola. Radhiya alifungua kinywa aseme. Bi Hadil, aliyekwisha ona kwamba kuna jambo, alimvuta chumbani kabla hajaanza.

Huko ndani Radhiya alimwonyesha mama yake kila kitu. Bi Hadil alitazama picha mbili, tatu, akaziba macho kwa mtandio. Alilia kwa sauti ndogo, ili mumewe asisikie. Halafu akafanya hesabu ya mama. Zile picha ni za wake za watu. Zikitajwa tu, kila mume mtaani atataka kujua mkewe ameonekana vipi, na talaka zitatoka kabla Swafwan hajaulizwa swali la kwanza. Radhiya akitaja, atasafika yeye, watachafuka wengine. Akinyamaza, ataolewa.

"Nyamaza, mwanangu," akamwambia. "Ukiwa ndani ya nyumba yake utamrudi polepole, mpaka anyooke. Wanawake ndiyo tulivyoishi."

"Alonitazama bila idhini yangu akanikalia kimya, nitamrudi kwa n'ni, mama?" Radhiya akauliza.

Bi Hadil alimpenda binti yake vya kutosha asimdanganye. Alimwomba tu asiwataje wale wanawake. Radhiya akaahidi hilo. Hilo peke yake.

Ijumaa ikafika. Nyumba ilijaa udi na wanawake. Wanaume walikuwa msikitini tangu sala imalizike, kadhi amekaa, Sadiq amekaa mbele yake kwa kanzu mpya na joho, babake Bwana Shuaib kuliani kwake. Kushotoni, kama msiri wa bwana harusi, alikaa Swafwan Daktari, na mafuta yake ya udi.

Kama ilivyo desturi, kabla ya kuozesha, walii, yaani baba wa binti, hurudi nyumbani na mashahidi wawili kumwomba binti idhini yake. Bwana Mahmud alikuja na Bwana Famau na mzee mwingine, wakasimama nje ya pazia la chumba. Ndani, Radhiya amekaa kitandani amefunikwa, shangazi zake wamemzunguka, vigelegele viko tayari kooni. Bi Barka alikuwepo pia, amekaa kiti cha mbele kwa shingo yake upande.

"Radhiya, mwanangu," Bwana Mahmud akaita. "Waniwakilisha nikuoze Sadiq, mwana wa Shuaib, kwa mahari yale tulosikizana?"

Binti mwari huulizwa, akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yake na kwa nyanya yake. Shangazi mmoja alikwisha vuta pumzi.

"Baba," Radhiya akasema, na chumba kizima kikageuka. "Mahari si haki yangu mimi?"

Bwana Famau akajibu kabla ya baba. Alisema kwa dini na kwa desturi mahari ni ya mke, na yeye ndiye mwenye kuyataja.

"Basi yale tulosikizana siyataki. Nataka simu ya Sadiq. Hiyo alo nayo mfukoni yeo, si mpya. Aifungue, aondoe namba ya siri, anikabidhi kwa mkono wake mbele ya kadhi na watu wote. Akiitoa, nimekuwakilisha. Asipoitoa, sijakuwakilisha."

Bi Barka akacheka, wa kwanza. Aliona binti amenyang'anywa simu na sasa anamkomoa mumewe kitoto, na kwa mara ya kwanza juma lile akampenda kidogo. Shangazi wakacheka pia. Wakasema bibi harusi ana mzaha, na mahari yake ni mepesi, na wepesi wa mahari ni baraka. Bi Hadil hakucheka. Alikuwa amemshika binti yake mguu juu ya shuka, na hakuuachia.

Bwana Mahmud alirudi msikitini anatabasamu. Njiani aliwaambia mashahidi kwamba binti yake ni mtu wa kukinai, hataki dhahabu, ataka kikorokoro. Akamwinamia kadhi, akamweleza. Kadhi naye akatabasamu, akakohoa kidogo, akatangaza mahari kwa sauti ili kila aliyekaa asikie: simu ya bwana harusi, hiyo aliyonayo, wazi, bila namba ya siri, mkono kwa mkono, hapa.

Msikiti ulicheka. Mzee mmoja akasema wake wa siku hizi hawangoji hata waume zao walale, wanaanza upekuzi msikitini. Wakacheka zaidi.

Swafwan hakucheka. Alisema kitu kuhusu mgonjwa aliyemwacha kibandani, akainuka, akaanza kupita katikati ya magoti ya watu kuelekea mlangoni.

"Mpe, mwanangu," Bwana Shuaib akamwambia Sadiq, akipangusa machozi ya kicheko. "Nitakununulia nyingine."

Sadiq alitia mkono mfukoni. Kadhi akakunjua kiganja, akangoja. Watu wakangoja naye. Jasho lilimtoka Sadiq chini ya kilemba, likateremka shavuni, na mkono wake haukutoka mfukoni.

Aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Bwana Mahmud.